Mshale Uliokataa Kupanda

Baba yangu alikuwa na imani moja kuhusu magari: kinachoua gari ni joto. Mengine yote kwake yalikuwa mafua tu. Alikuwa ameendesha malori ya kahawa huko Karagwe tangu kabla sijazaliwa, na kila alipowakumbuka wenzake walioharibikiwa njiani, picha ilikuwa ile ile: boneti wazi, mvuke unapaa, dereva amekaa juu ya jiwe akisubiri maji ya kuomba. Kwa hiyo tuliporudi Rwanda tukakaa Gisenyi, na yeye akaja na gari dogo jeupe la Kijapani alilolinunua kwa akiba ya maisha yake yote, alichokipenda kuliko rangi na redio kilikuwa mshale wa joto. Haukupanda. Gari lilishinda barabarani kutwa nzima na mshale umelala chini kama ng'ombe aliyeshiba. Wageni waliokuja kumsalimia walipelekwa kwanza kuuona mshale, ndipo wakapewa kiti.

Mimi ndiye niliyeshika beseni siku ya pili baada ya gari kufika, baba alipolifungua kama alivyokuwa akiyafungua magari yake yote. Alisema gari jipya halikabidhiwi barabara kabla ya kukaguliwa. Akachomoa bomba nene la maji, akalegeza nati mbili, akatoa kidude cha shaba chenye springi, akakipangusa, akazikaza nati zile tena. Sikuuliza ni nini. Ukimuuliza baba jambo la gari ulikuwa umejinunulia hotuba, na mimi nilikuwa karani wa ofisi mwenye sketi moja nzuri, na maji ya kutu yalikuwa yamenirukia. Ninachokikumbuka zaidi siku ile ni ile sketi.

Baba mwenyewe hakuliendesha sana. Macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na barabara ya kupanda Nyundo miaka ile, yenye vizuizi vya askari na watu wa kila aina, haikuwa ya mtu anayeona nusu. Gari akapewa mume wangu alifanye teksi.

Mume wangu ni mtoto wa Goma. Wazazi wake walikimbilia Kongo kama wetu walivyokimbilia Tanzania, naye akarudi kwa safari fupi kuliko zote: alivuka mpaka kwa miguu pale Petite Barrière na godoro kichwani, akawa amefika nyumbani. Gisenyi ya wakati ule ilikuwa ikiwapanga watu kwa walikotoka. Wa Uganda walisemwa kwamba wana haraka, sisi wa Tanzania tulisemwa tunaongea kama redio, na wa Kongo walisemwa wanapenda nguo na njia za mkato. Upuuzi mtupu, lakini baba alikuwa anauamini kidogo. Ndoa aliikubali, akanibariki, ila alibaki na jicho moja wazi, lile lile lenye ukungu.

Basi gari likaanza kunywa. Nasema kunywa kwa sababu sijui neno lingine. Mume wangu alijaza mafuta asubuhi, akazunguka kati ya mjini, mpakani na Mahoko, na jioni mshale wa mafuta ulikuwa umelala chini karibu na mwenzake wa joto. Gari lilikuwa likilala kwa baba, karibu na soko, na baba alikuwa na kazi moja ya jioni: kuingia kwenye kiti cha dereva, kusogeza uso hadi pua iguse kioo, na kusoma. Alisoma, akatoka, akafunga mlango polepole. Mlango ule uliofungwa polepole ulinitisha kuliko kama ungebamizwa.

Wakati huo mafuta yalikuwa yakivuka mpaka kwa vidumu, kila mtu alijua, na waliovusha walikuwa vijana ambao mume wangu aliwasalimia kwa majina. Sasa weka hayo pamoja: mkwe wa Goma, ndugu zake Goma, gari linashinda karibu na mpaka, tangi linakauka. Baba hakusema neno mwizi. Alisema methali, ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu huwezi kuijibu. Alisema kikulacho ki nguoni mwako, akaniangalia mimi.

Nilimjibu kwa ukali, nikaenda nyumbani Nengo, nikachukua shati la mume wangu kutoka kwenye kamba na kulinusa. Lilinuka petroli. Lilikuwa limefuliwa na bado linanuka petroli. Nilikaa kitandani na shati mapajani, na sikujua la kufikiri. Mume wangu alikuwa mtu anayerudisha chenji ya watu mbio mbio hadi kwenye foleni ya mpaka. Baba yangu alikuwa mtu ambaye hakuwahi kumsingizia hata mbwa. Mmoja wao alikuwa amekosea, na kila nilipompa mmoja haki, moyo ulimkimbilia mwingine.

Nilipomuuliza mume wangu, hakukasirika, na hilo likanichanganya zaidi. Alisema gari linazima, plagi zinalowa mafuta na kuwa nyeusi, naye huzitoa njiani na kuzisafisha kwa petroli, ndiyo maana ananuka. Akasema, kwa Kiswahili chake cha Goma, "Mi siibi. Hii gari iko mugonjwa. Tutafute daktari, basi."

Daktari tuliyempata alikuwa fundi wa Kikongo, mrefu, mpole, aliyejifunzia kazi kwenye magari ya Kifaransa ya zamani. Alifungua boneti na kuitazama injini ya Kijapani kwa muda mrefu, kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani akakuta vyumba vimehamishwa. Alitafuta kabureta. Hakukuwa na kabureta. Kulikuwa na nyaya, na mwisho wa kila waya kijidude kilichochomekwa mahali fulani. Fundi aliviita kapteri, sisi tuliviita sensa, na akatueleza kwamba gari hili halitoi mafuta kwa kukisia: chini ya dashibodi kuna kisanduku kinachofikiri, na vijidude hivi ni macho, masikio na pua zake. Kimoja kinadanganya. Kazi ni kujua kipi.

Alianza na pua, ile inayonusa moshi kwenye bomba la eksozi. Aliifungua, ikatoka nyeusi tititi kwa masizi, akasema mwizi ndiye huyu. Nilifurahi sana, tena nilifurahi mapema. Kununua kipya dukani ilikuwa ndoto. Utaratibu wetu ulikuwa mwingine: unachukua kile kibovu, unakivusha mpaka, unakwenda nacho Goma kwa wauza vipuri vya magari yaliyokufa, unakionyesha, nao wanatafuta ndugu yake. Bila kibovu mkononi huna neno. Mume wangu hangeweza kwenda, maana angeonekana Goma na baba angesikia. Nikaenda mimi, mchana wa mapumziko ya ofisi, kidude kimefungwa kwenye leso ndani ya mkoba.

Pale Petite Barrière, kati ya wamama wenye mabeseni ya nyanya na wabebaji wenye magunia, mtu wa ushuru aliukagua mkoba wangu. Aliuliza hiki ni nini. Nikamwambia ni pua ya gari. Alinitazama, akakinusa, akampa mwenzake, naye akakinusa. Wakanirudishia, na kwa mwendo wa siku kadhaa zilizofuata waliniita mama wa pua.

Muuzaji wa Goma alimwaga chini beseni zima la vijidude. Alihesabu nyaya za changu, akatazama rangi ya soketi yake, akakijaribisha kwenye nati kuona kama nyuzi zinakubaliana, akanipa kilichofanana. Kilifungwa jioni ile. Baada ya siku chache nacho kilikuwa cheusi tititi, na gari linakunywa vile vile.

Tukaenda kwenye kile cha joto la maji, chenye nyaya mbili, kilichochomekwa kando ya bomba nene. Kile kilifanana mno na jirani yake mwenye waya mmoja, anayeupelekea mshale habari, na fundi alitoa kwanza yule asiyehusika, akagundua, akarudisha. Nilivuka tena. Nilirudi na cha nyaya mbili. Hakuna kilichobadilika. Tukabadilisha kile cha pedali, tukabadilisha kile cha hewa. Vibovu vyote nilivitunza kwenye mkoba, maana kwetu kipuri cha zamani ni mali ya mwenye gari, na mkoba ukawa mzito hadi nikitembea ofisini nalia kama punda wa kengele. Sikujua tena ni nani kati ya vijidude vile aliyekuwa mwongo. Nilianza kuamini kwamba vyote vinasema kweli na ni sisi tuliorogwa.

Baba alichoka. Akatuma ujumbe kwamba familia mbili zikae kikao. Alikuwa ameamua, na aliniambia mapema kwa heshima: kama mkwe hataeleza mafuta yanakokwenda, gari litarudi kwake, na mimi nitarudi kwake pia, mpaka upande wa mume ulete maelezo. Nilimwambia mimi si kidumu cha kuvushwa huku na huku. Alinijibu kwamba anajua, lakini hakubadilisha neno.

Siku ya Jumapili baada ya ibada tulikaa uani kwa baba, gari katikati yetu kama mshtakiwa. Upande wa mume wangu alikuja shangazi yake wa Goma, mwanamke wa Kiislamu mwenye mtandio mweupe, aliyemlea tangu mdogo. Upande wetu alikuwepo baba na jirani yake mzee wa kanisani. Fundi aliitwa kuwa shahidi, na kwa ajili yake tuliongea Kiswahili.

Baba aliongea kwanza, vizuri, bila kutukana. Alisema injini ndogo kama ile haiwezi kunywa kama lori. Alisema gari ni zima, halichemki hata siku moja, ushahidi ni mshale. Hakumtazama mume wangu. Shangazi alisikiliza hadi mwisho, akakunja mtandio.

"Kama mutoto wetu ni mwizi, mutuambie tu," akasema. "Tutamurudisha kwetu. Lakini museme neno lenyewe, musituzungushe."

Mume wangu alikuwa akitazama viatu vyake, vile viatu vyake vya kung'aa ambavyo baba hakuwahi kuvipenda. Nilitaka aruke, apige kelele, aape. Alifuta vumbi kwenye kiatu kwa kidole gumba, na mimi hasira zangu zikakosa pa kutua.

Fundi aliomba ruhusa. Akaniomba kidude cha zamani cha joto, kile cha nyaya mbili, na kikombe. Nilipekua mkoba mbele ya watu kama mwuza karanga mpaka nikakipata. Akakitumbukiza kwenye maji ya baridi, akagusisha nyaya za mita yake ndogo ya umeme, akatuonyesha namba. Kisha akamimina maji ya chai yaliyokuwa yakichemka kwenye jiko, na namba ikateremka mbele ya macho yetu, kama inavyopaswa maji yakiwa ya moto.

Akasema taratibu, kama anajieleza mwenyewe, "Hii kapteri haina uongo. Kwa baridi inasema baridi, kwa moto inasema moto. Bon. Sasa tangu zamani inasema maji iko baridi. Na sisi tunaitukana."

Alimwomba mume wangu awashe gari. Injini iliunguruma kwa kitambo, fundi akiwa ameshika lile bomba nene kwa kiganja. Akasema maji yanapita kwa uhuru tangu dakika ya kwanza, na hayakupaswa. Akazima, akalegeza nati mbili. Maji yakamwagika chini, na wakati huo nikakumbuka sketi yangu.

Aliingiza kidole, akakizungusha. Ndani hamkuwa na kitu. Alitueleza kwamba mahali pale hukaa mlango mdogo, kalorista, ambao hujifunga injini ikiwa ya baridi ili maji yapate moto, kisha hujifungua wenyewe. Mlango ukiondolewa, maji hayapati moto kamwe, hasa kwa hali ya hewa yetu. Kwa lori la zamani si kitu. Lakini kisanduku cha gari hili, kila kikiambiwa injini ni ya baridi, huongeza mafuta, kama mtu anavyozidisha kuni kwenye moto uliotoka kuwashwa. Kimeambiwa hivyo asubuhi mpaka jioni. Mafuta hayakuvuka mpaka wowote. Yaliingia kwenye plagi, kwenye moshi na kwenye shati la mume wangu.

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikakosa vyote. Mshale ambao wageni walipelekwa kuuona ndio uliokuwa unalalamika muda wote ule.

"Sasa," fundi akauliza, "ni nani alitoa kalorista?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka tu kujua kama kidude chenyewe bado kipo, kwa sababu bila cha zamani mkononi nisingepata ndugu yake Goma. Lakini swali lilibaki pale uani. Mimi nilijua jibu, na kwa kawaida sina kifua, jambo likiniingia hunitoka kabla sijakaa. Niligeuka kumtazama baba. Alikuwa amekaa vile vile, mgongo wima, ila mikono yake ilikuwa imeshika kingo za kigoda kama vile kigoda kinakwenda mwendo wa kasi. Nilipogeuka nikakuta mume wangu naye anaitazama ile mikono.

"Ni mi," mume wangu akasema. "Ni mi nilitoa. Nilifikiri itasaidia. Nilitupa."

Shangazi yake aligeuka kwa mshtuko. Jirani mzee alitikisa kichwa, akamwambia baba kwamba vijana wa siku hizi hushika wasivyovijua, amsamehe tu. Na mimi damu ikanichemka. Mtu ndio kwanza ametolewa kwenye shimo, anarudi mwenyewe na kulala ndani yake. Nilielewa na sikuelewa. Kwetu mkwe hamwaibishi baba mkwe mbele za watu, hilo nililijua, tumelelewa hivyo wote, wa Karagwe na wa Goma. Lakini desturi ile sikuwahi kuiona ikila mtu mzima mzima hivi. Nikifungua mdomo, baba yangu anavuliwa nguo mbele ya shangazi wa watu. Nikiufunga, mume wangu ameacha kuwa mwizi na kuwa mpumbavu, na baba yangu atakuwa amemsamehe kosa lake yeye mwenyewe. Nilikaa na mdomo nusu wazi. Sijawahi kuchanganyikiwa vile tena maishani.

Chai ilichemka ikamwagika jikoni, na hakuna aliyeinuka kuitengua. Kisha baba akaniita, si kwa jina, bali kama alivyoniita nilipokuwa mdogo.

"Mama," akasema, "nenda chumbani kwangu. Uvunguni kuna kopo la maziwa. Niletee."

Nilikwenda. Kopo lilikuwa lile lile tulilotoka nalo Tanzania, limejaa misumari, boliti na vipande vya malori yaliyokwisha kuwa chakavu. Hakutupa chuma cha gari hata kimoja. Nililibeba kwa mikono yote miwili kwa sababu lilikuwa zito.

Baba alilimwaga mapajani kwake na kutafuta kwa vidole, maana kwa macho asingeona. Alikipata upesi. Kilikuwa cha shaba, kidogo kuliko nilivyokikumbuka, na springi yake.

"Nilikitoa mimi, siku ya pili," akasema, sauti yake ikiwa ya chini lakini kila mtu alisikia. "Mkwe wangu hakuwepo. Maisha yangu yote nimevitoa hivi vitu nikidhani naokoa magari. Na nyumba ya binti yangu nilikuwa naibomoa kwa mkono huu huu."

Jirani mzee alianza kusema jambo, shangazi akamzuia kwa mkono. Baba alisimama, akapapasa njia kati ya viti hadi mbele ya mume wangu. Kwetu mdogo ndiye humpa mkubwa kwa mikono miwili. Mkubwa hutoa kwa mmoja, na mara nyingi bila hata kukutazama. Baba yangu alikiweka kile kidude kwenye viganja vyake vyote viwili, akavinyoosha mbele na kusubiri, na mume wangu, mwenye mikono iliyonuka petroli, alisimama na kukipokea kwa yake miwili.